Kuku wa Mabanga na Vichupa Vinane

Mimi si mtu wa kukaa. Hata haya ninayaandika nimesimama, kompyuta iko juu ya kabati la nguo, na kila aya ikiisha nazunguka chumba kabla ya kuanza nyingine. Mama anasema nilitembea nikiwa na miezi tisa na tangu hapo sijapumzika. Ni kweli, wala sioni aibu. Aliyekaa hakufika nilikofika mimi.

Nilitoka Mabanga, karibu na mji wa Bungoma, na diploma moja ya teknolojia ya maabara na koti la kuazima. Nikaenda ng'ambo kuosha chupa. Ndiyo kazi niliyopewa kule: kuosha chupa za watafiti, kuzichemsha kwenye mtungi wa mvuke, kuzipanga. Miaka miwili nikaosha. Mwaka wa tatu mtafiti mmoja aliugua ghafla, nikamlishia seli zake siku tisa, kwa sababu nilikuwa nimemtazama kwa nyuma mpaka nikaijua mikono yake kuliko alivyoijua mwenyewe. Haikufa hata sahani moja ya seli. Baada ya hapo hawakunipa chupa tena. Niliporudi Kenya nilikuwa nimeshika virusi vya kubebea jeni kwa miaka sita, bila digrii ya mtu yeyote, na sijui ni wangapi Trans-Nzoia nzima wanaoweza kusema hivyo. Labda hakuna.

Nyumba ya mama pale Mabanga ina vigae vyekundu. Vigae hivyo ni vyangu.

Maabara iliyoniajiri iko nje kidogo ya Kitale, kwenye barabara ya kuelekea mlimani. Ni vyumba vinne, jenereta moja, na friji moja ya baridi kali, nyuzi themanini chini ya sifuri. Mkuu wetu, ambaye sote tunamwita Daktari, ni mwanamke wa maneno machache. Anachunguza magome ambayo watu wa Mlima Elgon huchemsha na kunywa wakiwa na malaria. Kuna dawa za malaria, hata za hospitali, zinazoweza kuvuruga mapigo ya moyo. Daktari alitaka kujua kama magome nayo yana tabia hiyo. Alikuwa amekusanya ya aina kumi na mbili, akayabandika majina ukutani kwenye karatasi moja ndefu. Watu wanayanywa leo, alikuwa akisema, hawatungoji sisi tumalize.

Kazi yenyewe inakwenda hivi. Seli za moyo zina milango midogo inayotoa potasiamu nje ili pigo limalizike na lingine lianze. Mlango ukizibwa, pigo linachelewa, na mtu anaweza kuanguka akiwa amesimama sokoni. Jeni inayojenga mlango huo inajulikana. Kuna watu ng'ambo wanaoichukua jeni hiyo ya binadamu, wanaibandika alama inayong'aa kijani, kisha wanaipakia ndani ya chembe za virusi. Ni virusi vya ukoo mmoja na vile vya UKIMWI, lakini vimenyofolewa kila kitu cha kuzaana. Vinaingia ndani ya seli, vinashusha mzigo, basi, safari yao imeisha. Seli iliyopokea mzigo inaanza kujijengea milango, na ukiitazama kwa darubini ya mwanga wa buluu unaona pete ya kijani ukingoni mwake. Hapo ndipo unaweka maji ya gome na kupima kama mlango umeziba.

Chembe hizo ni laini kuliko kiini cha yai. Kuyeyuka mara moja hupunguza nguvu zao, mara mbili ni hasara tupu. Ndiyo maana mwezi wangu wa kwanza pale niliweka sheria ya nukta: kichupa kikiyeyuka, aliyekishika anapiga nukta moja nyeusi juu ya kifuniko kwa kalamu isiyofutika. Anayekuja baadaye anasoma nukta na anajua ameshika nini. Mwenzangu anayefuga seli, bwana mwenye digrii mbili anayeniita Diploma mbele ya wageni, alicheka.

"Ati nukta? Si tuandike tu kwa daftari, bana?"

"Daftari linadanganya," nikamwambia. "Kifuniko hakiwezi."

Daktari alilipenda neno hilo. Siku ile ile aliamuru kila mtu afuate.

Chembe zetu zilipofika, zilishukia uwanja wa ndege wa Kisumu: vichupa vinane, kila kimoja na tone lisilojaza kijiko cha chai, ndani ya kikatoni kidogo kilichozikwa kwenye barafu kavu, ndani ya sanduku jeupe la povu. Tulikuwa tumezingoja miezi mingi. Daktari aliuliza nani ataenda kuzichukua, nikasema mimi kabla hajamaliza kuuliza. Nina gari langu. Na ni nani mwingine angejua kuacha madirisha nusu wazi, kwa sababu barafu kavu inageuka hewa ya kumlevya dereva?

"Moja kwa moja," Daktari alisema.

"Moja kwa moja," nikasema.

Nilifika Webuye saa sita mchana. Kulia ni barabara ya Kitale, kushoto ni Mabanga, mwendo wa nusu saa hivi. Kwetu mtu akibeba jambo kubwa hapiti njiapanda ya kwao kama mpita njia. Anaingia, anaonwa, anaombewa, anatoka. Barafu ilikuwa ya kutosha mpaka kesho yake, nilikuwa nimeipima kwa mkono. Nikakata kushoto.

Mama alikuwa na wageni wawili wa kanisani. Khocha, yaani mjomba wangu, alikuwa kwenye kiti changu. Niliweka sanduku juu ya meza katikati ya vikombe vya chai, na sijui kama ningeweza kunyamaza hata ningelipwa.

"Ndani ya hili," nilisema, "kuna mlango wa moyo wa binadamu."

"Ya nani?" Khocha akauliza.

"Si ya mtu. Ni jeni. Imebebwa na virusi, vya ukoo wa UKIMWI."

Mgeni mmoja alisogeza kikombe chake.

"Umeleta ukimwi kwa meza ya dada yangu?" Khocha alisema. "Na chai iko hapo?"

"Nyamaza wewe," mama akamwambia. "Mtoto wangu hawezi kuleta ugonjwa kwa nyumba amejenga mwenyewe. Endelea, baba. Na hii moshi?"

Moshi mweupe ulikuwa ukitambaa kutoka kwenye mfuniko. Nikacheka. Nikavaa glavu nene, nikamwambia mama alete karai la maji. Nilichota barafu kavu bakuli zima nikaimwaga mle. Ukungu ulifura, ukamwagika mezani, ukashuka sakafuni mpaka miguu ya wageni ikapotea. Mama alipiga kigelegele. Khocha alitaka kushika kipande kwa vidole, nikampiga mkono.

"Inaunguza!"

"Barafu inaunguza? Wacha uongo yako ya Ulaya."

Wakaomba tena. Nikachota bakuli la pili. Mpaka leo nakumbuka uzito wake mkononi.

Kisha Khocha akaniuliza kama kweli nitachimba kisima cha umeme nyuma ya nyumba, au ni maneno tu. Mtu hawezi kuniuliza swali kama hilo nikabaki nimekaa. Nilimtoa nje nikampimia kwa hatua: hapa shimo, hapa tangi, hapa bomba la kwenda jikoni. Wageni nao walifuata. Tulikaa huko labda dakika arobaini. Niliporudi ndani sanduku lilikuwa limefungwa vizuri kwa utepe wa gundi, vizuri kuliko nilivyoliacha, na mama alikuwa akipangusa meza.

"Nimekufungia kitu kidogo," alisema. "Utakiona ukifika. Firigisi iko ndani, usimpe mtu."

Kwetu mtoto hatoki nyumbani mikono mitupu, na firigisi ni ya mwanamume mwenye mji. Nilijua kuna kuku mahali fulani. Siku zote anakuwa kwenye buti la gari pamoja na viazi vitamu, kwa hiyo nikashukuru, nikaombewa, nikaondoka. Sikufungua buti. Nilikuwa nimechelewa, na mguu wangu ukikaa kwenye mafuta hautoki.

Maabara ilikuwa tupu nilipofika Kitale saa kumi. Nilikata utepe.

Kuku alikuwa katikati ya barafu, mahali pa heshima. Alikuwa amechinjwa, amenyonyolewa kwa maji moto, amebabuliwa kwenye jiko, kisha akalazwa mle akiwa bado na joto, amefungwa kwa jani la mgomba. Ili apate nafasi, mama alikuwa amekitoa kikatoni chini na kukiweka juu, pembeni, chini kabisa ya mfuniko. Barafu ilikuwa imebaki vumbi. Nilimgonga kuku kwenye meza, akalia ko, ko, kama jiwe la mto. Nikafungua kikatoni, nikainamisha kichupa cha kwanza. Tone likateleza. Cha pili. Likateleza. Vyote vinane vilikuwa maji.

Baridi niliyoitoa Kisumu yote ilikuwa imeingia kwa kuku.

Simu ililia. Daktari.

"Vimefika?"

"Vimefika salama."

"Kama mawe?"

Nilikuwa nimemtazama kuku. "Kama mawe," nikasema.

Niliviingiza kwenye friji ya baridi kali, vinane, vifuniko vyeupe kama yai. Kalamu ilikuwa mfukoni mwa koti langu. Nilijiambia kuyeyuka mara moja si kufa, pengine vilianza kuyeyuka dakika kumi tu zilizopita, hakuna ajuaye, na mtu hajiandikii kosa ambalo hajalihakikisha. Mambo kama hayo mtu anaweza kujiambia akizunguka meza. Nilizunguka sana.

Kuku sikumla. Kitu kilichosafiri sanduku moja na virusi hakiendi jikoni. Hiyo pia ni sheria niliyoileta mimi. Asubuhi nilimtia kwenye mtungi wa mvuke pamoja na takataka za maabara, kabla hazijachomwa kwenye tanuri. Sikufikiria harufu.

"Leo hapa kunanukia Krismasi," mwenzangu alisema akiingia. "Diploma, unapika?"

"Ni vyakula vya seli," nikasema. "Vimeoza."

Alivuta pua mara mbili, akaenda kwenye seli zake.

Jumatatu tulitoa kichupa kimoja, tukakiyeyusha kwa adabu mbele ya Daktari, na nikapiga nukta moja kwenye kifuniko, mkono ukiwa imara kabisa. Tukamwagia seli. Halafu ni kungoja siku tatu. Mimi na kungoja hatujawahi kupatana, lakini siku tatu hizo zilikuwa kitu kingine. Mchana nilitembea kutoka maabara mpaka katikati ya mji na kurudi, nikipita foleni ya malori ya mahindi yaliyosimama kando ya ghala, na madereva waliolala chini yake wakiwa wametulia kama watu wasio na dhambi. Nilisafisha darubini ambayo ilikuwa safi. Nilipanga upya rafu zote za glavu. Mama akapiga simu.

"Kuku alikuwa mtamu?"

"Sana, mama."

"Na firigisi?"

"Niliila."

"Hukumpa mtu?"

"Sikumpa mtu."

Karatasi iliyokuja na chembe ilisema tutegemee seli saba kati ya kumi ziwe na pete. Alhamisi Daktari aliinama kwenye darubini. Alikaa muda mrefu. Akaniachia nitazame. Kulikuwa na pete, nzuri, nyembamba, za kijani kibichi, kama nilivyowaahidi. Ila ungeweza kuzihesabu kwa kidole. Moja hapa. Giza. Giza. Moja pale.

"Virusi vilikuja kama mawe," Daktari alisema. Hakuwa akiuliza. Alimgeukia mwenzangu. "Kwa hiyo ni seli."

"Seli zangu ziko sawa, Daktari."

"Zina uchafu, au zimezeeka. Mwaga zote. Hata zile za akiba."

"Wiki sita, Daktari. Hizo nimelisha hata Jumapili."

"Mwaga." Kisha akanitazama. "Kuanzia wiki ijayo seli utalisha wewe."

Niliwahi kulitamani neno hilo. Nilikuwa nimelisikia kichwani mara nyingi kwa sauti yake hasa, mwenye diploma anapewa kazi ya mwenye digrii mbili, na kila mara nilijiona nikiitikia kwa kichwa tu, kama mtu aliyezoea. Mwenzangu hakubishana tena. Alienda kwenye kabati, akatoa sahani zake moja moja akazipanga kwenye beseni, akashusha chupa ya klorini. Hakunitazama, hakuniita Diploma. Nilisikia kifuniko cha chupa kikizunguka. Kile cha chupa kubwa kina mizunguko minne kabla hakijafunguka, nimekifungua mara elfu.

Mzunguko wa pili nikasema, "Ngoja."

Nilienda kwenye friji, nikatoa kibao chenye vichupa, nikakiweka kwenye barafu mezani mbele yao wote wawili. Nikatoa kalamu mfukoni. Nikapiga nukta, kimoja baada ya kingine, saba. Cha nane, kile kitupu cha Jumatatu, kilikuwa na moja, nikaongeza ya pili.

"Lini?" Daktari akauliza.

"Njiani. Nilipita nyumbani. Nilitoa barafu kuwaonyesha watu moshi. Halafu mama akaniwekea kuku."

"Kuku."

"Wa kubabuliwa, Daktari. Alikuwa na joto."

"Kumbe ndiyo ile harufu ya Krismasi!" mwenzangu akasema. Chupa ilikuwa bado mkononi mwake. Alianza kucheka, kisha nadhani alikumbuka sahani zake, kwa sababu uso ulibadilika. "Ungeacha nimwage?"

"Sijui," nikasema. Ndilo jibu la kweli nililokuwa nalo, na ndilo nililo nalo hata sasa.

Daktari hakucheka wala hakunifukuza. Alisema tu, "Wewe ndiye uliyesema kifuniko hakiwezi kudanganya," akavuta kiti akaanza hesabu. Kwa nguvu iliyobaki, tungelazimika kutumia chembe nyingi zaidi kwa kila jaribio. Vichupa saba vingetosha magome matano, si kumi na mawili. Oda nyingine ingechukua miezi, kama ingepatikana kabisa. Alisimama mbele ya ile karatasi ndefu na kalamu, akatuuliza ni magome gani yananywewa na watu wengi zaidi. Mwenzangu, ambaye mama yake anatoka upande wa mlimani, ndiye aliyejibu. Matano yakapigwa duara. Mimi niliambiwa niandike kwenye daftari kilichotokea, chote, kwa mwandiko wangu, pamoja na kuku. Niliandika nimesimama.

Seli zilibaki kwa mwenyewe. Hilo halikujadiliwa.

Jumamosi nilienda Mabanga. Mama alikuwa akipepeta maharagwe uani, Khocha kwenye kiti changu. Nilimwambia mama yote, na kwamba firigisi sikuila. Aliendelea kupepeta.

"Kumbe ulikuwa umebeba baridi?"

"Ndiyo, mama."

"Sasa mbona ulisema umebeba moyo?" Akatikisa ungo. "Ungeniambia ni baridi, ningeweka yule kuku kwa kikapu. Mimi niliona sanduku iko na barafu mingi, umeimwaga kwa karai kama mchezo, nikajua basi hii barafu ni ya bure."

"Nilikuambia ni uongo ya Ulaya," Khocha akasema.

Mama alienda nyuma ya jiko akarudi na kuku mwekundu, mzima, amefungwa miguu, akampitisha kwenye dirisha la gari.

"Huyu hahitaji barafu. Mpe yule ulitaka kumwagia vitu yake."

Nilimkabidhi Jumatatu kwenye maegesho. Mwenzangu alimshika mabawa, akamgeuza, akamkagua kichwa na miguu kama mtu anayepokea mzigo wa ng'ambo.

"Sioni nukta," alisema.

"Hana. Ametoka Mabanga moja kwa moja."

"Moja kwa moja, eh?" Alimtia kwenye buti lake. "Twende, Diploma. Kichupa cha pili kinangoja."

Siku hizi tunapima gome la tatu. Pete zinaonekana, chache, na kwa hizo chache mimi hupima vizuri kuliko mtu yeyote pale. Nalisema hilo bila kuomba radhi. Lakini karatasi bado iko ukutani, mkabala na darubini, na nikiinua kichwa naiona: majina matano yenye duara, saba hayana. La sita kutoka juu, lisilo na duara, ni gome la mti ambao wageni wa mama waliniambia siku ile ya moshi kuwa wanauchemshia wajukuu zao. Nikifika hapo nainuka, nazunguka meza, nafungua friji, nahesabu vifuniko.